Kabla hamjapaka shule zetu rangi nyekundu, wekeni hadharani ikama ya walimu (hesabu ya walimu waliopo na wanaohitajika kila shule)

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, atakayeona nimevuka mpaka anivumilie, ila sifuti neno.

Kwenye magrupu ya wazazi imesambaa PDF ya kikao cha tathmini ya elimu cha wilaya yetu. Wilaya siitaji, niko huku magharibi kwenye tumbaku, wenye kujua mtajua. Sekondari zote za serikali zimepangwa kwa GPA, yaani wastani wa ufaulu, ya kidato cha nne, ya kwanza mpaka ya mwisho. Juu kijani, katikati njano, chini nyekundu. Shule anayosoma binti yangu ni ya pili kutoka mkiani. Mkuu wa shule akasimamishwa mbele ya ukumbi mzima, madiwani wakiwemo, aeleze kwa nini anaiangusha wilaya. Kisha akakabidhiwa kinyago, zawadi ya aibu. Kinyago cha mbao, wakuu, akapigwa nacho picha kama mtu aliyeshinda kombe. Mtu mzima mwenye familia, na wanafunzi wake wameiona hiyo picha kwenye simu za wazazi wao.

Baraza la Mitihani lenyewe tangu Januari 2023 limeacha kutangaza shule kumi bora. Sasa halmashauri inapata wapi ujasiri wa kufufua mashindano ambayo wenye mitihani wameyazika?

Haya, mnataka kulinganisha? Tulinganishe.

Shule inayoongoza iko makao makuu ya wilaya, ukingoni mwa lami. Ina umeme, ina hosteli, walimu wa sayansi wamejaa. Walimu wa Kiswahili na Historia ni wengi mpaka wanagawana vipindi viwili viwili kwa wiki. Ya kwetu gari linafika siku ya mnada tu. Fizikia na Hisabati zinafundishwa na kijana aliyemaliza kidato cha sita, anayejitolea, na posho yake tunaichanga wazazi. Msimu wa tumbaku mbaya hatuchangi, na yeye anakwenda kubeba majani kwenye mabani ya kukaushia tumbaku apate pesa ya sabuni. Huyo ndiye anayeshindanishwa na walimu watatu wenye shahada.

Si kwamba hatupangiwi walimu. Tunapangiwa. Anaripoti, anasaini, anaonyeshwa nyumba: vyumba viwili, popo darini, maji ya kununua kwa dumu. Baada ya muda unasikia uhamisho umepita, kamfuata mwenza. Na anahamia wapi? Hapo hapo wilayani, kwenye lami, shule ile ile ya kijani! Anayesaini huo uhamisho ndiye anayekuja kumvisha mkuu wetu aibu.

Maabara nayo. Mnakumbuka agizo la wakati wa Kikwete, kila shule ya kata iwe na maabara tatu? Tulichanga, wengine waliochelewa kuchanga, watendaji walikamata kuku na mbuzi wao wakawauza. Jengo moja likaisha, mawili yakaishia kwenye lenta mpaka leo miti imeota ndani. Hilo lililoisha lina meza za zege na bomba ambazo hazijawahi kutoa tone la maji. Binti yangu ananiambia pipeti wameichora daftarini, kuishika bado. Wataishika siku ya mtihani wa vitendo, ikiwa imeazimwa.

Kuna hili la pesa ambalo naona hata madiwani wetu hawalipigii hesabu. Tangu elimu bila ada ianze 2016, shule inapewa ruzuku kwa kichwa cha mwanafunzi: 25,000 kwa mwaka, na nusu yake ni ya vitabu. Fidia ya ada kwa shule ya kutwa ni 20,000. Kwa maandishi ni haki kabisa. Lakini shule yenye watoto mia tisa na yenye watoto mia mbili zote zinahitaji mlinzi, zote zinachapa mitihani, zote mkuu wake anapanda bodaboda kwenda wilayani. Yule wa mjini nauli yake buku mbili. Wa kwetu akienda na kurudi, pesa ya chaki imeisha.

Na hizo rangi zina madhara ambayo kwenye PDF hayaonekani. Mkuu aliyepewa kinyago mwaka huu, mwakani atafanya nini? Ataanza kuchuja. Mtoto mzito anaambiwa akariri kidato cha pili, au mzazi ananong'onezwa amhamishe, au asajiliwe mtahiniwa wa kujitegemea asichafue wastani. Tayari tumeanza kuitwa mmoja mmoja. Sera mpya ya elimu ilizinduliwa 2025 kwa mbwembwe, elimu ya lazima miaka kumi, huku sisi tunafundishwa mbinu za kuwapunguza watoto darasani.

Najua watakuja wa kusema "mbona fulani alisoma shule ya kata na leo ni daktari". Hongera kwake. Wale aliokaa nao dawati moja wako wapi?

Ninachotaka ni karatasi moja tu. Afisa elimu sekondari na mkurugenzi, chukueni jedwali lenu hilo hilo la rangi, mbele ya kila shule ongezeni safu: walimu wa Fizikia, Kemia, Baiolojia na Hisabati walioajiriwa, nyumba za walimu, maabara inayotumika, umbali wanaotembea watoto. Halafu safu ya mwisho, walimu waliohamishwa kutoka shule hiyo miaka mitatu iliyopita na aliyeidhinisha ni nani. Mkishamaliza, kinyago mtaona wenyewe apewe nani.

Mwenye ikama ya wilaya yake aibandike hapa chini tuone kama ni kwetu tu. Majina ya walimu ficheni.