Ulinganisho: diski mbili za 4TB kwenye seva ya nyumbani, RAID 1, ZFS, SnapRAID au restic? (na diski moja inapotea)

Shangani_Lab
Wakuu, habari za kazi. Seva ipo Mtwara mjini: kompyuta ya mezani ya ofisi, RAM 8GB, matundu manne ya SATA, Debian 12 kwenye SSD ya 240GB, na diski ya zamani ya 2TB yenye picha, video za harusi na hesabu za duka. Zimeongezwa diski mbili za 4TB, ext4 zote.

Shida ya kwanza: diski moja ya 4TB inapotea ikikopiwa faili kubwa, na inarudi kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Ya pili: bekapu ya usiku (rsync, programu ya kunakili faili, kwenda /mnt/bekapu) inamaliza bila kosa lolote, lakini SSD imejaa asilimia 100.

Haya yakiisha inabidi kuchagua njia: mdadm RAID 1 (kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili kwa pamoja), ZFS ya vioo (wazo lilelile, ila kwa mfumo wa faili wa ZFS), mergerfs pamoja na SnapRAID (diski zinaunganishwa, moja inabeba data ya kurejesha), au kuacha diski moja iwe ya data na nyingine ya bekapu ya restic (programu ya bekapu inayohifadhi matoleo ya zamani). Umeme unakatika mara kwa mara, intaneti ni bando la simu. Mngechagua ipi na kwa nini?

fundi_chikongola
Mkuu, SSD kujaa na diski kupotea ni ugonjwa mmoja. Diski isipokuwepo, /mnt/bekapu inabaki kuwa folda ya kawaida ndani ya SSD. rsync haijui hilo, inaandika tu. Diski ikirudi inafunika zile faili, ndiyo maana ukitafuta huoni kilichojaza. Ziibue hivi:

`mkdir /mnt/chini`
`mount --bind / /mnt/chini`
`du -sh /mnt/chini/mnt/bekapu`

Hakikisha ni nakala tu, zifute kupitia /mnt/chini, kisha `umount /mnt/chini`.

Kuzuia isijirudie, fanya mambo matatu. Kwenye /etc/fstab tumia UUID (namba ya utambulisho ya diski isiyobadilika) inayotolewa na `blkid`, usitumie /dev/sdb, kwa sababu herufi zinahama ukiongeza diski:

`UUID=xxxx /mnt/bekapu ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=15 0 2`

Bila nofail, diski ikikosekana Debian inagoma kuwaka na kukuacha kwenye hali ya dharura, hapo SSH hakuna, utatafuta skrini na kibodi. Pili, toa diski (`umount /mnt/bekapu`) halafu piga `chattr +i /mnt/bekapu`. Folda tupu inafungwa, hata root hawezi kuandika ndani yake. Diski ikipachikwa juu yake inafanya kazi kama kawaida. Tatu, mwanzoni mwa skripti weka `mountpoint -q /mnt/bekapu || exit 1`.

Na kama unatumia `--delete`, weka ukaguzi huohuo kwa upande wa chanzo. Chanzo kisipopachikwa, rsync inaona folda tupu na kwa utii wote inafuta bekapu nzima ili ilingane nayo. Hiyo ni hatari kuliko SSD kujaa.

Mikindani_bits
Kuhusu kupotea: usinunue diski nyingine kabla hujasoma `dmesg -T | grep -i ata` na `smartctl -a /dev/sdX`, inayoonyesha SMART, yaani rekodi ya afya ya diski. Angalia namba nne:

5 (sekta zilizohamishwa) na 197 (sekta zinazosubiri kuamuliwa): zikiwa zaidi ya sifuri na zinapanda, diski yenyewe inakufa.
198: sekta zilizoshindikana kusomwa. Hukumu ni ileile.
199 (makosa ya CRC): hii ni njia ya data kati ya diski na bodi. Mara nyingi ni waya wa SATA, au kichwa chake chenye kutu.

199 haishuki hata ukitengeneza, kwa hiyo andika namba ya leo kisha uangalie kama inaongezeka baada ya kubadili waya.

Kama 199 imetulia lakini dmesg inasema "SATA link down" ukiwa katikati ya kuandika, shuku umeme. Diski ya inchi 3.5 inavuta karibu ampea 2 kwenye waya wa 12V wakati inaanza kuzunguka. Mbili zikianza pamoja kwenye pawasaplai ndogo ya ofisi iliyochoka, volti inashuka. Ukiwa umetumia kigawanyaji cha molex kwenda SATA, kitoe. Vile vya plastiki iliyomiminwa kwa moto vinajulikana kwa kuungua.

Shangani_Lab
Shukrani wakuu. /mnt/chini imeonyesha GB 171, zimefutwa. Majibu ya SMART: diski inayopotea ni ST4000DM004, namba 5 ni 0, 197 ni 0, 199 ni 412. Nyingine ni ST4000VN008, zote sifuri. Waya wa ile ya kwanza ulitoka kwenye kompyuta ya zamani.

Mikindani_bits
412 na sekta safi: waya. Weka mpya wenye kibano cha chuma, usizidi nusu mita, usiukunje kwa nguvu. Kisha `smartctl -t long /dev/sdX`. Kwa 4TB tenga saa nane hivi, na kompyuta isilale.

Kwa huku pwani ongeza hatua moja ambayo miongozo mingi haiitaji. Upepo wa bahari una chumvi, na seva iliyo karibu na dirisha la nyavu upande wa bahari inapata kutu kwenye migusano. Fungua skrubu za bodi ndogo iliyo chini ya diski (mara nyingi ni Torx T6), tazama vidoa vya mguso. Vikiwa vyeusi, visugue taratibu kwa raba ya penseli, futa kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke kabisa. Kama diski bado ina waranti, usifungue, rudisha.

Mtanda_Lindi
Sasa ulinganisho, na hizo namba za modeli ndizo zinazoamua. VN008 ni IronWolf, inaandika kwa njia ya CMR, yaani njia za data ziko kandokando, hazilaliani. DM004 ni BarraCuda, ni SMR: njia za sumaku zimelaliana kama mabati ya paa, kubadilisha moja kunalazimu kuandika upya za jirani. Kazi ndogondogo huoni tofauti. Ukiipa maandishi mfululizo kwa saa nyingi, akiba yake inajaa na kasi inaanguka vibaya.

RAID inapojijenga upya ndiyo kazi ya namna hiyo. 4TB kwa MB 150 kwa sekunde ni kama saa saba na nusu; kwa SMR inaweza kwenda siku kadhaa, au diski ichelewe kujibu mpaka ifukuzwe kwenye kundi. Ndicho kilicholeta kelele Aprili 2020, Western Digital walipokiri kwamba baadhi ya WD Red za 2TB hadi 6TB zilikuwa SMR. Kwa jozi yako, vioo vya aina yoyote ni kufunga punda na ng'ombe jembe moja.

zfs_Masasi
Nakubaliana kuhusu SMR, ila ZFS isitupwe kwa sababu ya diski moja. Ukipata IronWolf ya pili, hesabu inabadilika. mdadm ikikuta nakala mbili zisizolingana haijui ipi ni sahihi. ZFS ina alama ya ukaguzi kwa kila bloku, inajua, na inajirekebisha yenyewe kutoka kwenye kioo kizima. Kwa picha za watu ambazo hazitapigwa tena, hilo lina uzito.

`zpool create -o ashift=12 hifadhi mirror /dev/disk/by-id/ata-… /dev/disk/by-id/ata-…`

Tumia by-id, na ashift hairekebishiki baadaye. Piga `zpool scrub hifadhi` (ukaguzi wa data yote) kila mwezi. RAM 8GB inatosha. Akiba ya ZFS huchukua mpaka nusu ya RAM, ipunguze kwa zfs_arc_max kama seva inafanya na kazi nyingine. Kwenye Debian moduli inajengwa upya kila kerneli ikisasishwa, kwa hiyo usiwashe upya kabla hujaona dkms imemaliza salama, la sivyo hifadhi haitafunguka asubuhi.

fundi_chikongola
Kwa atakayechagua mdadm, kosa linalorudi kila wiki: kundi limeundwa vizuri, baada ya kuwasha upya linaitwa md127 na halipachikwi. Umesahau `mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf` na baada yake `update-initramfs -u`.

Lingine ni diski za kawaida za mezani. Zikikutana na sekta mbovu zinaweza kuhangaika dakika mbili nzima, wakati kerneli inasubiri sekunde 30 tu. Punguza muda wa diski kuhangaika kwa `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdX`. Ikikataa, ongeza subira ya kerneli: `echo 180 > /sys/block/sdX/device/timeout`. Zote mbili zinapotea umeme ukizimwa, ziweke kwenye skripti ya kuwashia.

Nachingwea_40
SnapRAID ni nzuri kwa diski nne au tano za video zisizobadilika. Diski ya pariti (ile ya data ya kurejesha) lazima iwe sawa au kubwa kuliko kubwa zote, na ulinzi unaishia pale ulipopiga `snapraid sync` mara ya mwisho. Hesabu za duka zinabadilika kutwa, haifai. Kwa diski mbili, iache.

Mtanda_Lindi
Basi msimamo wangu: namba nne, restic. Wala si kwa sababu ni rahisi. Vioo vinakulinda na jambo moja tu, diski kufa. Havikulindi na mtoto aliyefuta folda, kirusi kilichofunga faili, radi ya Januari, wala mwizi aliyebeba kasha zima. Ukifuta kwenye kioo, imefutwa kote ndani ya sekunde ileile.

Mgawo ninaoupendekeza kwa vifaa ulivyonavyo: IronWolf iwe ya data. BarraCuda iwe ya restic, kwa kuwa bekapu inaongeza faili mpya tu bila kubadilisha za zamani, na SMR inavumilia hilo. `Prune` tu, yaani kusafisha bekapu za zamani, ndiyo itakayochukua muda. Diski ya zamani ya 2TB ikipita jaribio refu, iwe nakala ya pili inayokaa nje ya nyumba, kwa ndugu Mikindani au kokote, ikija kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kusasishwa.

`restic init --repo /mnt/bekapu/restic`
`restic -r /mnt/bekapu/restic backup /srv/data`
`restic -r /mnt/bekapu/restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 4 --keep-monthly 12 --prune`

Hesabu za duka zikiwa kwenye MySQL usikopi faili zake zikiwa hai. Toa kwanza `mysqldump --single-transaction` kwenda ndani ya /srv/data. Nywila ya restic iandike kwenye karatasi, ikae pamoja na ile 2TB ya nje. Ikipotea hakuna mlango wa nyuma.

Shangani_Lab
Na kupeleka mtandaoni badala ya kuzungusha diski?

Mtanda_Lindi
Piga hesabu. GB 500 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 5 isiyoyumba ni siku tisa na saa sita. Na kupandisha ni nusu ya kazi, siku ya msiba utahitaji kuishusha yote. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nzima ikayumba. Peleka mtandaoni nyaraka na hesabu, GB chache zile. Video zipande pikipiki.

Nachingwea_40
Mwezi huohuo wa Mei 2024 barabara ya Dar ilikatika Somanga. Anayetegemea kuagiza diski Kariakoo pale inapokufa ajue kwamba basi nalo huweza kukwama. Mwenye rekodi za ghala la korosho awe na diski ya akiba, iliyokwisha kupimwa, kabla ya minada ya Oktoba.

Na ikifika, ipime. Mwaka 2025 ziligundulika diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya huku saa za SMART zimerudishwa sifuri. `smartctl -l farm /dev/sdX` (smartmontools 7.4 kwenda juu. Debian 12 ina 7.3, tafuta mpya zaidi) inaonyesha saa za kweli. Diski za USB za bei ya kutupa zinazodai 16TB, zipitishe `f3probe` kupima ukubwa wake wa kweli.

Mikindani_bits
Umeme: UPS yenye waya wa USB, iliyounganishwa na NUT (programu inayosoma hali ya UPS). UPS nyingi za bei nafuu zinatumia nutdrv_qx, si usbhid-ups. Ukiona dereva haisomi, badili hapo kwanza. Lengo ni seva ijizime yenyewe betri ikiwa bado na dakika tano, si kuendelea kufanya kazi gizani. Betri ya 12V ndani yake ibadilishe baada ya miaka miwili au mitatu, kwa joto la huku haifiki mbali.

Joto la diski lisivuke nyuzi 45. Ikizidi, feni ya sentimita 12 mbele ya diski, zikiwa zimeachana nafasi ya diski moja.

Shangani_Lab
Waya umebadilishwa, GB 900 zimekopiwa, 199 imebaki 412 na diski haijapotea. Ninachukua mgawo wa Mtanda_Lindi. Nitajuaje kama restic imeshika kweli?

Mtanda_Lindi
Kila Jumapili: `restic -r /mnt/bekapu/restic check --read-data-subset=5%`. Na kila baada ya miezi mitatu chukua kompyuta nyingine kabisa, chomeka ile 2TB, soma nywila kutoka kwenye karatasi, halafu:

`restic -r /media/nje/restic restore latest --target /tmp/jaribio --include /srv/data/hesabu`

Fungua faili la hesabu, angalia kama mauzo ya mwisho yapo. Anza leo na mwezi mmoja wa picha, kabla hujahamisha data zote.