Kwa nini kinga ya mwili haikuizuia saratani ya mama yangu?

BintiKuze

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 54, amegunduliwa kuwa na saratani ya titi, na wiki iliyopita alitiwa dawa ya kemo kwa mara ya pili hapa Mombasa. Uvimbe ulianzia titi la kushoto, kisha siku moja nilipokuwa nikimkanda bega nikahisi kwapani kijidonge kigumu, ukubwa wa kokwa ya ukwaju, ambacho hakikumuuma hata nilipokibonyeza. Shuleni tulifundishwa kwamba chembechembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Mama huyu hakuwahi kulazwa hospitalini ila kwa uzazi, na malaria ikimshika, siku ya nne yuko jikoni. Ikiwa askari wake walikuwa imara kiasi hicho, mbona waliiacha saratani ikakua hadi ikafika kwapani?

Nauliza pia kwa sababu jamaa wanaokuja kumjulia hali kila mmoja huja na lake, huyu habasoda na asali, yule unga wa mlonge, na wote husema kinga yake ilikuwa dhaifu, ndiyo maana. Mama hunyamaza, lakini wakishaondoka huniuliza ni wapi alipokosea kujitunza. Ningependa kumjibu kwa ukweli.

MtazamaDarubini

Waalaikum salaam, dada, na pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi miaka mingi katika maabara ya patholojia, na jambo la kwanza ninalokuomba umwambie mama ni kwamba hakukosea popote. Mwili unaoishinda malaria kwa siku nne unaweza kabisa kupata saratani, kwa kuwa kazi hizo mbili hazifanani. Kimelea cha malaria ni mgeni, na protini zake hazifanani na zetu. Saratani hutokana na seli ya mwili wenyewe, nasi tunasema kikulacho ki nguoni mwako. Seli T, ambazo ndizo askari wakuu katika vita hivi, hukomaa katika tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na nyingi zinazoonekana huko kuwa na tabia ya kushambulia vitu vya mwili wenyewe huangamizwa kabla ya kuachiliwa. Zinazobaki zimezoea kuheshimu kilicho chetu, na seli ya saratani imejaa vilivyo vyetu, isipokuwa protini chache zilizoharibika.

Hata hivyo, si kweli kwamba kinga haioni kitu. Kila seli huanika juu ya utando wake vipande vidogo vya protini inazotengeneza ndani, kama mwenye duka anavyoanika mlangoni mfano wa bidhaa zake, na seli T hupita zikikagua. Ikiona kipande kigeni, seli T hujishikiza hapo, hutoboa utando na kuingiza vimeng'enya vinavyoifanya seli hiyo ijiue. Baadhi ya seli za saratani hukwepa kwa kuacha kuanika chochote, na hapo huja seli nyingine, ziitwazo seli uaji asilia, ambazo humwandama hasa yule aliyefunga mlango. Bila shaka seli nyingi mbovu hufa hivyo bila mtu kujua. Lakini uvimbe wa sentimita moja tayari una mamia ya mamilioni ya seli, na hizo ni kizazi cha zile zilizoponyoka katika kuchujwa kwa miaka. Kwa hiyo kijidonge ulichokihisi hakikukua kwa sababu askari walilala. Kilikua kutokana na seli zilizojua kuwakwepa.

Nitakueleza ninachokiona mwenyewe. Kipande cha uvimbe kikishakatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi, seli za saratani huonekana kubwa, zimepinda, viini vyake havilingani. Pembeni mara nyingi huwa na chembe ndogo za duara, zambarau iliyokoza, zimejipanga kama mtama uliomwagika ukutani. Hizo ni limfosaiti, yaani hao askari. Katika vipande vingine zimepenya hadi katikati. Katika vingine zimesimama ukingoni, na hatua moja mbele yake saratani inaendelea kugawanyika. Kila nikiliona hilo husikitika, kwa maana zilifika.

Kinachozisimamisha kinajulikana kwa sehemu kubwa. Seli T ina breki zake, na moja huitwa PD-1, iliyogunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto, Japani. Breki hizo ni za lazima, kwani bila hizo seli T zingeshambulia utumbo, mapafu na tezi ya shingo. Saratani nyingi huota protini inayoikanyaga breki hiyo. Mmarekani James Allison alionyesha kwa panya, mwaka 1996, kwamba kuizuia breki nyingine, CTLA-4, huwafanya askari wauangamize uvimbe, na wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa zilizotokana na kazi hiyo haziongezi nguvu ya kinga, huondoa kizuizi. Ndiyo sababu neno la jamaa zako, kwamba kinga iongezwe, halilengi tatizo lenyewe.

MwalimuLikoni

Nakubaliana, ila naona tusimfanye dada adhani kwamba udhaifu wa kinga hauna uzito kabisa. Wanaoishi na VVU bila dawa hupata sana saratani ya Kaposi, na mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara sita hivi kuliko asiye navyo. Nyingi katika hizo husababishwa na virusi, na kinga dhaifu hushindwa kuvidhibiti virusi hivyo. Hata uvimbe wa taya wa watoto alioueleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958, alipokuwa Kampala, unahusishwa na kirusi pamoja na malaria ya mara kwa mara. Saratani ya titi haimo katika kundi hilo.

MuuguziTudor

Dada, nina mawili ya haraka. Dawa nyingi za kemo huvunjwavunjwa na ini, na baadhi ya mitishamba hubadilisha kasi hiyo, kwa hiyo kila kinacholetwa, hata kiwe cha kheri, kitajwe kwa daktari kabla mama hajakinywa. Pili, chembechembe nyeupe hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya kemo. Nunua kipimajoto. Akifika nyuzi 38, hata saa nane za usiku, mpeleke hospitalini na useme mlangoni kwamba yuko kwenye kemo. Usimpe panadol ukangoja asubuhi.

BintiKuze

Nawashukuru sana. Nimemsomea mama jibu la kwanza, akanitaka nirudie pale uliposema zilifika. Je, hizo dawa za kuondoa breki zinamfaa? Na kile kijidonge cha kwapani kikikatwa, si tutakuwa tumeikata kambi ya askari?

MtazamaDarubini

Kwapani pana tezi za limfu nyingi, ambamo askari hao hukusanyika, na kinga ya mwili mzima haitegemei hizo chache, ingawa mkono unaweza kuvimba baadaye; aulize mazoezi yake mapema. Kuhusu dawa, tazama majibu ya maabara mlipoandikwa ER, PR na HER2, yaani vipokezi vya homoni (ER na PR) na protini ya HER2 ambavyo seli za saratani huweza kuwa navyo. Ikiwa zote tatu ni hasi, dawa za kuzuia PD-1 hutumika pamoja na kemo kwa baadhi ya wagonjwa. Ikiwa HER2 ni chanya, ipo trastuzumab, ambayo ni kingamwili, yaani protini ya kinga, inayojibandika juu ya seli ya saratani na kuziita seli uaji asilia. Karatasi hiyo ni haki yenu. Mkiikosa, iombeni kabla ya kemo ya tatu.