Ukoo wa Gombani: gari mpya, fundi asikate waya kwanza

Salum: Assalaam alaykum nyote. Ile dabokebini yangu mpya imeshuka bandarini Mkoani jana, alhamdulillah. Kesho fundi anakuja kufunga taa ya LED juu ya bampa, alamu pamoja na GPS ya kujua gari iko wapi, keria ya paa, halafu tuinyanyue inchi mbili nipate kuweka tairi kubwa. Aliyeniuzia kasema nikigusa chochote waranti, ile dhamana ya kiwanda, imekufa. Fundi kasema hakuna kitu kama hicho. Nimfuate nani?

Da Rahma: Waalaykumu salaam, hongera sana mdogo wangu. Mwambie fundi kesho apumzike. Hao wote wawili wamekwambia nusunusu.

Da Rahma: Waranti haifi yote kwa mpigo mmoja. Kinachotazamwa ni kifaa kilichoharibika na kilichokiharibu. Umefunga taa ya LED, baadae mota ya kioo cha mlango wa nyuma ikafa: taa haihusiani nayo, mota inalipwa. Umefunga taa hiyo hiyo, boksi la fyuzi likaungua: hapo utalipa mwenyewe. Ugomvi unakuja katikati, pale ambapo hakuna mwenye uhakika. Karakana ya wakala wa kiwanda ikikuta waya umekatwa shubiri moja kutoka palipoharibika, wewe ndiye utakayetakiwa ueleze.

Kheri: Da Rahma, si kuna ile sheria ya Marekani inayowakataza kufuta waranti? Kila video wanaitaja.

Da Rahma: Ipo, Magnuson-Moss ya 1975. Inamkataza mwenye kiwanda kukufunga utumie spea za jina lake tu ili waranti iendelee, labda akupe bure. Lakini inamlinda aliyenunua kule. Hapa kwetu cha kushika ni kitabu cha waranti kilichokuja na gari, na muhuri wa aliyekuuzia. Ukiona umedhulumiwa, pa kwenda ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ZFCC, iliyo chini ya Sheria Nam. 5 ya 2018. Na kule hutosikilizwa kwa maneno matupu, watataka karatasi.

Bi Asha: Na Noah ya Hamadi iliyotoka Japani nayo ina waranti?

Da Rahma: Bi mkubwa, zile za mkono wa pili waranti ya kiwanda kwa kawaida haivuki bahari pamoja na gari. Kama muuzaji aliandika yake, ifuatwe hiyo. Hamadi kwake muhimu ni usalama tu, waya zisije zikashika moto.

Ami Juma: Na hapo kwenye waya ndipo n'napotaka kusema, maana ndiko gari nyingi zinakoharibiwa hapa kisiwani.

Ami Juma: Fundi wa haraka anachubua waya wa kiwandani kwa meno ya koleo, anausokota wa kwake juu, anazungusha tepu nyeusi. Siku ile ile inawaka vizuri. Lakini hewa yetu ina chumvi na unyevu, na tepu ikishika joto la injini gundi yake inayeyuka, inafunguka ncha. Unyevu unaingia, shaba inaota kutu ya kijani, na ile kijani inatambaa ndani ya gamba la waya mpaka mbali na kiungo. Ukikata sentimita 10 nyuma unakuta bado nyuzi nyeusi.

Ami Juma: Sasa hesabu. Kiungo kikishakuwa na upinzani wa nusu omu tu, na waya unapitisha ampea 8, unapoteza volti 4 pale pale, na kiungo kinatoa joto la wati 32. Vyuma vya kulehemu kwa risasi, vingi ni vya wati 30 au 40. Yaani umekifungia chuma cha kulehemu ndani ya fungu la waya za gari mpya. Na ule waya wa kiwandani uliochubuliwa huenda ndio unaopeleka umeme kwenye sensa au kompyuta, kwa hivyo taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na wakala akifuatilia waya anakutana na tepu.

Salum: Subhanallah. Sasa taa nifunge vipi bila ya kukata?

Ami Juma: Taa ipate njia yake yenyewe kutoka kwenye betri. Chanya inatoka betri, ndani ya sentimita 20 unaweka fyuzi, halafu unaingia mguu 30 wa rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa; namba za miguu zimeandikwa juu yake. Mguu 87 unakwenda kwenye taa. Mguu 85 ethi, yaani hasi kwenye bodi ya gari. Mguu 86 unatoka kwenye swichi yako ya ndani. Swichi ipate umeme kwenye boksi la fyuzi kwa kile kishikizi cha fyuzi mbili kinachochomekwa mahala pa fyuzi moja. Ukikichomoa gari inarudi ilivyotoka kiwandani. Swichi haibebi mzigo, inaiamsha rilei tu, chini ya robo ampea.

Viungo vyote vya kubana kwa koleo lake, juu yake bomba la plastiki linalosinyaa kwa moto, lile lenye gundi ndani. Bila ya gundi, hapa Pemba halina maana.

Kheri: Ami, si unaweza kuibia umeme kwenye fulu ya hedilaiti ili LED iwake pamoja nayo?

Ami Juma: Gari za zamani sawa. Hizi mpya kompyuta ya bodi inapima umeme unaokwenda kwenye kila taa. Ukiongeza mzigo inadhani kuna shoti, inazima au inaandika kosa. Nyengine zinapeleka umeme kwa vipigo vya harakaharaka, rilei inagonga tititi mpaka inaungua. Ukishikilia kabisa, tumia waya wenye plaga na soketi unaoingia katikati ya taa na plaga yake, uliotengenezwa kwa mfano wa gari yako. Lakini swichi mbali ni salama zaidi.

Na jengine: tazama terminali hasi ya betri. Ukiona kijisanduku kidogo chenye plaga, hiyo ni sensa ya kupima chaji. Ethi ya vifaa vyako ifunge kwenye bodi, usiifunge kwenye nguzo ya betri. Ukiiruka sensa, kompyuta inahesabu vibaya, chaji inakuwa ndogo, na betri inakufa mapema. Ukipeleka madai ya betri watakuonesha ule waya.

Da Rahma: Hilo la ethi ni dogo la kurekebisha, lakini madai yake yanakataliwa vizuri sana.

Mjomba Bakari: Salum, hiyo inchi mbili ni ya nini? Kazi ya gari ni mizigo ya shamba au kupeleka wageni?

Salum: Wageni mjomba, msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi. Njia si mbaya sana, n'napenda tu ikae juu.

Mjomba Bakari: Basi n'nakusihi iache mpaka waranti imalizike. Kwenye orodha yako yote, hii ndiyo inayogusa vitu vingi vya ghali. Ukiinyanyua mbele milimita 50, shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali. Raba za jointi zinakunjwa upande mmoja, zinachanika, grisi inamwagika, mchanga unaingia. Mpira wa breki na waya wa sensa ya ABS, breki zinazozuia tairi zisikwame, unavutika usukani ukikatwa mpaka mwisho. Bolijointi ya juu inafika karibu na kikomo chake. Na alaimenti lazima ipigwe upya, la sivyo tairi zinaliwa ndani. Kimoja kati ya hivyo kikifa, wakala ataonesha springi tu na mazungumzo yamekwisha. Hapo haki wanayo.

Mjomba Bakari: Tairi nazo. Yako naona ni 265/65R17, kimo chake milimita 776. Kama unataka 285/70R17, kimo ni 831. Asilimia 7 zaidi. Mshale ukisema 100 wewe uko 107. Na kilomita zinahesabiwa pungufu: dashibodi ikisema umetembea 5,000 tangu oili ya mwisho, kweli ni kama 5,350. Gia boksi, beringi za magurudumu na breki zote zinabeba uzito wa ziada. Ukitaka tairi ngumu kwa njia ya Vumawimbi, chukua saizi ile ile yenye meno makubwa. Hiyo haina ugomvi na mtu.

Salum: Sawa mjomba, nimekubali. Kunyanyua basi.

Bi Asha: Mashaallah, mtoto msikivu.

Kheri: Na kuiprogramu kompyuta iongeze nguvu? Kuna jamaa anafanya kwa laptopu, anasema akirudisha programu ya mwanzo hakuna atakayejua.

Da Rahma: Watajua. Kompyuta ya injini inaweka hesabu ya mara ngapi imeandikwa, na programu ina namba yake ya uhakiki inayosomwa kwenye soketi ya OBD2, ile ya kuchomeka mashine ya kupimia makosa, chini ya usukani. Wakala analinganisha na ya kiwandani. Injini na gia boksi ndiyo moyo wa waranti, na hiki ndicho kitu kimoja kinachoweza kukukosesha vyote viwili. Usiguse.

Ami Juma: Alamu na GPS. GPS inahitaji waya tatu: chanya ya kudumu, ethi, na ya kujua kama swichi imewashwa. Fundi atataka kuongeza ya nne, ya kukatia pampu ya mafuta kwa simu. Mkatalie. Anakata waya wa pampu na kuweka rilei ndogo ya bei rahisi katikati. Rilei ikichoka gari inazima barabarani, na pampu ikiharibika wataikuta ile rilei. Alamu vivyo hivyo, gari yako ina kinga ya ufunguo tayari, king'ora cha ziada kisiguse waya za swichi wala stata.

Halafu kuna wizi wa umeme gari ikiwa imezimwa. Gari nzima ikilala inatakiwa ivute chini ya miliampea 50. GPS mbovu isiyolala inaweza kufikisha jumla 150. Hiyo ni ampea-saa 3.6 kwa siku. Betri ya ampea-saa 70 inafika nusu baada ya siku kama 10. Betri ikishushwa hivyo mara nne tano haina tena maisha, na waranti ya betri haimlipi mtu aliyeifyonza mwenyewe.

Salum: Nitajuaje inavuta ngapi?

Ami Juma: Mita ya umeme, waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10. Funga milango yote, toa terminali hasi, mita ikae katikati ya terminali na nguzo ya betri. Ufunguo uweke mbali na gari. Subiri dakika 30 mpaka 40, kompyuta hazilali mara moja. Ukifungua mlango au ukiwasha swichi mita iko katikati, fyuzi ya mita inaweza kuondoka. Pima kabla ya kufunga chochote, andika namba. Pima tena baada ya kila kifaa.

Mjomba Bakari: Keria imesahauliwa. Usikubali kutoboa paa.

Da Rahma: Hapo naomba nisimame kidogo, kwa sababu kwetu kutu ndiyo adui wa kwanza. Waranti ya kutu ya kiwanda kwa kawaida ina kipindi chake peke yake, mara nyingi kirefu kuliko ya injini, lakini inalipa bati lililotoboka kutoka ndani kwenda nje. Kutu iliyoanzia kwenye mkwaruzo, jiwe, au tundu la drili hailipwi. Tundu moja la milimita 8 limekula rangi, kinga ya zinki na chini mpaka chuma. Kwa chumvi ya hapa, ndani ya msimu mmoja wa masika unaona duara la rangi ya chai. Chukua keria ya kubana kwenye reli au ukingo, weka raba chini ya kila mguu.

Na wale wanaopiga lami nyeusi chini ya gari mpya "isishike kutu": waambie wasizibe vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango na kwenye kingo za chini. Vikizibwa, maji ya chumvi yanakaa ndani na mlango unaoza kwa ndani. Kitu kilichofanywa kuzuia kutu ndicho kinacholeta. Inaniuma kila mara. Suuza chini kwa maji baridi ukitoka ufukweni, inatosha zaidi.

Salum: Na karatasi niweke zipi?

Da Rahma: Kabla ya kufunga, muandikie aliyekuuzia kwa baruapepe au ujumbe: kifaa gani, cha wati ngapi, kinafungwa wapi, je kinagusa waranti ya sehemu gani? Jibu lihifadhi. Uliza pia kama wao wanafunga. Kifaa kilichofungwa na wakala na kikaandikwa kwenye ankara ya gari kwa kawaida kinaingia kwenye waranti. Piga picha za waya na dashibodi inayoonesha kilomita. Risiti ya kifaa na ya fundi. Vitu vya kiwandani ulivyotoa usitupe, tia mfukoni na tarehe. Sivisi kwa wakati wake, oili ya namba iliyomo kitabuni, na risiti yake.

Taa ya injini ikiwaka, usimpe mtu mwenye kimashine afute kosa. Kompyuta inahifadhi hali ya injini wakati kosa lilipotokea, joto, mizunguko, mwendo. Huo ndio ushahidi wako kwamba taa ya LED haikuhusika, na akifuta umepotea. Na wakikataa madai, waombe waandike: kifaa gani kimekufa, na kitu ulichoongeza kimekiuaje. "Gari imebadilishwa" peke yake si sababu. Kwa mtu wa Pemba ni muhimu zaidi, maana kama karakana yao iko Unguja au Dar, gari itapanda meli. Taka hilo jibu la maandishi kabla ya kulipa nauli ya gari.

Mjomba Bakari: Na asisahau, pedi za breki, waipa na balbu hazimo kwenye waranti toka mwanzo. Asije akagombana bure.

Salum: Allah awalipe kheri. Fundi nimeshampigia. Ami, nikuletee Jumamosi asubuhi tufunge LED tu? Ya wati 120, imekuja na waya wake na fyuzi ya ampea 30.

Ami Juma: Niletee. Ila hiyo fyuzi itoe. Wati 120 kwa volti 12 ni ampea 10, nunua ya 15. Ya 30 waya utaungua kabla ya fyuzi kukatika. Na waya waliokupa nitaupima kwanza, nyingi ni gamba nene na nyuzi chache ndani. Kama haufiki milimita za mraba 2.5 tunauacha, nunua mita 4 wa kwetu.