Tuliosomesha Kayumba (shule ya msingi ya serikali) ya mtaani tupeane uzoefu: binti yangu anaanza la kwanza Januari

Mama Kitinda

Habari za jioni wakuu. Nina binti wa miaka sita, anamalizia awali kwenye Inglishi midiam moja huku Mbagala. Ada imepanda, basi limepanda, na baba yake tangu mwezi wa tatu hana kazi ya kueleweka. Tumekaa tukapiga hesabu usiku tatu, kila usiku jibu ni lile lile: Januari anaenda shule ya serikali, ile ya nyuma ya soko, dakika nane kwa miguu kutoka mlangoni kwangu.

Jina la Kayumba halinitishi. Mimi mwenyewe ni zao la Kayumba, nimekalia tofali mpaka la tatu. Kinachonitoa usingizi ni kwamba kila ninayemuuliza hapa mtaani ananielezea shule nyingine kabisa. Jirani wa kulia anasema mwanawe alifika la pili hajui herufi. Jirani wa kushoto, mwanawe katoka hapo hapo kaenda sekondari ya vipaji maalumu. Sasa nishike lipi?

Siasa za elimu bila malipo tuziweke kando. Nataka yaliyokukuta wewe na mwanao. Na shule tusiitaje, walimu wana familia zao. Wa huku wataielewa, wa kwingine leteni ya kwenu.

Baba Bajaji

Nafungua mimi. Kijana wangu aliingia hapo hapo, la kwanza A. Siku ya kwanza nilimpeleka mwenyewe, nikachungulia dirishani. Nikaanza kuhesabu vichwa, nilipofika 118 nikaacha, maana waliobaki walikuwa chini kule nyuma na wengine wameshalala. Mwalimu mmoja. Akisema "ba" darasa linaitikia "ba", unahisi bati linataka kung'oka.

Mwezi wa tatu nikafungua daftari la hesabu. 7 + 8 = 14, vema. 9 + 4 = 12, vema. Wino mwekundu, mkia wa vema umenyooka mpaka mstari wa pili. Nikamuuliza, nani kakusahihishia? Akasema kiranja. Kiranja mwenyewe ana miaka saba! Nilicheka sana, kisha nikakaa kimya.

Madam sikumgombeza. Daftari 118 na ushee, masomo matatu, azisahihishe saa ngapi? Ila tangu siku ile nikishapaki chombo saa mbili usiku, kabla sijanawa mikono ya kula, daftari mezani. Nakosoa mwenyewe kwa penseli. Sasa hivi yuko la nne, ananisomea magazeti ya zamani yanayofungiwa vitumbua, mpaka matangazo ya vifo.

Kwa hiyo dada, ukiniuliza shule ni nzuri au mbaya sijui nikujibu nini. Nina wasiwasi tu na yule mtoto ambaye baba yake hakufungua daftari.

Nshomile wa Mjini

Mimi nilimtoa mwanangu, na sijutii.

Alikuwa la pili B. Ana miaka saba na nusu, siku hiyo amechelewa kwa sababu maji yalitoka alfajiri na mama yake alimtuma achote ndoo mbili kwanza. Kosa letu, nakubali. Jioni namvua soksi naona shavu la mguu lina mistari mitatu imevimba, mmoja umechanika. Hakuniambia chochote. Ni dada yake ndiye aliyesema, "Madam wa B kawachapa wachelewaji wote."

Kesho yake nikaenda na hasira zangu zote. Mwalimu mkuu akanipokea vizuri, akanipa kiti. Nikamuomba kitabu cha adhabu, maana najua lazima kiwepo. Kikatafutwa kwenye kabati kama dakika kumi na tano. Kilipopatikana, kina vumbi, na tukio la mwisho kuandikwa lilikuwa la miaka miwili nyuma. Madam aliitwa, akasema samahani kwa sauti ya mtu aliyechoka, siyo ya mtu mkorofi. Ningeweza kumsamehe. Lakini mtoto kila asubuhi akawa anaumwa tumbo, na tumbo linapona saa nne. Nikamhamisha. Nalipa kwa mkopo wa kikundi mpaka leo.

Bibi wa Charambe

Baba, pole kwa mjukuu wangu huyo. Ila huyo madam wa B unayemsema ni mfupi, anavaa miwani ya kamba, anaendesha baiskeli? Kama ni huyo basi nami nina langu.

Nalea mjukuu, mama yake yuko Oman kwenye kazi za ndani. Mtoto alikuja kwangu na miaka nane, hajui kusoma, hajui kuandika, na haongei na mtu. Alikuwa amekulia shamba kwa babu yake wa upande wa pili. Nikampeleka shule, wakamuweka B. Wiki ya pili yule madam akanifuata nyumbani, nakaanga mihogo. Akasema, "Bibi, huyu mtoto haoni ubaoni." Sisi wote tulidhani ni mzito wa kichwa! Akanielekeza kliniki ya macho, na kabla hata miwani haijapatikana akamhamishia dawati la mbele kabisa, pembeni ya meza yake. Saa sita wenzake wakitoka, yeye na wengine wanne wanabaki nusu saa, anawasomesha silabi. Hela hakuchukua. Nilimpelekea mihogo kwa nguvu.

Miezi mitatu mtoto anasoma barua ya mama yake kwenye simu. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Mie nililia, wala sioni aibu kusema.

Fimbo sizitetei. Nakueleza tu kwamba ni mwanamke yule yule.

Nshomile wa Mjini

Ni huyo huyo, bibi. Baiskeli nyekundu.

Sina la kuongeza. Shikamoo.

Chaki Haifutiki

Wakuu, mimi ni mwalimu, shule nyingine, mkoa mwingine. Nimejizuia kuandika ila kuna mambo mawili matatu wazazi hawayajui.

La fimbo kwanza. Kanuni za mwaka 2002 ziko wazi: visizidi viboko vinne, anachapa mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, msichana anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo shuleni, na kila tukio linaandikwa kitabuni. Kwa hiyo mzazi ukiomba kile kitabu huna ukorofi wowote, maana lazima kiwepo. Kuchapa foleni nzima ya wachelewaji getini hakupo kwenye kanuni yoyote, na sote tumeshawahi kuona kukifanyika. Mimi pia nimewahi. Nilikuwa na umri wa miaka 24 na watoto 130, nikadhani hakuna njia nyingine.

La pili ni idadi. Kiwango cha serikali chenyewe ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto waliokuwa majumbani walikuja kwa wingi, na ni jambo jema. Madarasa na walimu ndio hawakuja kwa kasi ile. Ruzuku inahesabiwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Hapo toa chaki, toa karatasi za mitihani, toa kitasa cha mlango wa choo kilichoibwa wikiendi.

La tatu linaniuma zaidi. Kikao cha mwisho cha wazazi wa darasa langu walikuja 19. Kumi na tisa! Na kati yao watano walikuwa dada wa kazi.

Mzee wa Kamati

Mwalimu umenikumbusha vikao. Nimekaa kamati ya shule miaka sita, Temeke hapa hapa. Tulipokuja kuhesabu vyoo, kiwango kinasema tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Sitaandika sisi tulikuta ngapi, mtaniona muongo. Wasichana wa la sita na la saba kuna siku za mwezi walikuwa hawaji kabisa, na baba zao walikuwa wanadhani wanaumwa malaria. Tukajenga chumba cha kujistiri kwa tofali za mzazi mmoja na nguvu za vijana wa mtaa. Jengo dogo tu lile, ila ndilo ninalojivunia katika miaka yangu yote sita.

Kuhusu michango: Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku, na walimu wengi tangu hapo wanaogopa hata kutamka neno lenyewe. Kwa hiyo Mama Kitinda ukisikia "makubaliano ya wazazi" ujue ndiyo hiyo hiyo kavaa kanzu. Ya uji toa, mtoto anayekaa mpaka saa sita bila kitu tumboni hasikii somo. Hela za "jaribio la Ijumaa" uliza kwanza zimepitishwa kikao gani.

Pilipili Kichaa

Zetu ni jaribio la Ijumaa, tuisheni ya asubuhi, tuisheni ya jioni, fagio la chelewa, rimu, na mia mbili ya mlinzi. Elimu bila malipo jamani 😂

Mama Ivana

Dada mwenye uzi, yangu inafanana na yako ila wangu alihama akiwa la nne, ndiyo maana nakuambia wewe una bahati kumhamisha mapema.

Wangu alikuwa na alama za juu kule Inglishi midiam. Baba yake akafariki, nikashindwa. Jaribio la kwanza la hesabu Kayumba kapata 12 kati ya 50. Nikadhani wamekosea jina. Kumbe swali linasema "tafuta KDS ya 12 na 18" na mtoto hajawahi kusikia mdudu anayeitwa kigawe kidogo cha shirika maishani mwake. Hesabu yenyewe anaiweza usingizini! Sayansi vivyo hivyo, usanisinuru (yaani photosynthesis) aliiona kama jina la mtu. Akaanza kuitwa "mzungu", akila chapati yake wenzake wanamzunguka.

Aliyemuokoa ni deskmeti wake, mtoto wa muuza mkaa, anaitwa tu Chuma. Wakafanya biashara yao: Chuma anamfundisha maneno ya Kiswahili ya hesabu, yeye anamfundisha Chuma Kiingereza, na chapati inagawanywa katikati. Mimi nilikuja kujua baadaye, chapati zilipoanza kuombwa mbili. Mitihani ya Novemba wote wawili walikuwa kumi bora.

Lakini nisikudanganye, kile Kiingereza chake cha kuongea kimepungua. Kinaeleweka ila kimepata kutu. Jumamosi namuwekea hadithi za Kiingereza asome kwa sauti wakati nafua.

Chaki Haifutiki

Hapo niongeze: kwa mtaala mpya ulioanza 2024, Kiingereza ni somo tangu la kwanza. Zamani kilikuwa kinasubiri la tatu. Kwa hiyo binti yako hatakaa bila kukisikia. Atafundishwa vipi, hapo inategemea nani anashika chaki.

Kijana wa la Saba 2011

Mimi nilisoma hapo hapo nyuma ya soko, sasa ni fundi umeme. Mchakamchaka, kudeki kwa majani ya mpapai, kupigania dawati. Nilifaulu. Tuliokaa dawati moja tulikuwa wanne, mmoja ni nesi, mmoja yupo jela, mmoja simjui alipo. Shule ile ile, ubao ule ule.

Mama Kitinda

Wakuu nimerudi. Asanteni wote, nimesoma mpaka saa nane usiku, na Bibi wa Charambe umeniliza.

Alhamisi nilienda na cheti cha kuzaliwa na binti mkononi. Nimevaa vizuri kama naenda kuomba kazi. Mwalimu wa zamu hakuangalia nguo wala nini, akamwambia binti ahesabu mpaka 20. Akahesabu kwa Kiingereza. Mwalimu akacheka, akasema, "Haya sasa tuhesabie na kwa Kiswahili." Akafika kumi na mbili akaganda, akanitazama. Nikaona aibu ya ajabu, maana nyumbani tunaongea Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka tunalala, ila kuhesabu tulimuachia shule.

Nikaomba kuona vyoo. Nikaonyeshwa bila kununa. Nikauliza kitabu cha adhabu (Nshomile, nilikuwa nakuwaza), mwalimu akanitazama mara mbili, kisha akasema kipo ofisini, Januari nikija nitakiona. Nimeandika tarehe.

Wakati natoka nikamuuliza atapangwa mkondo gani. Akapitisha kidole kwenye rejista, chini, chini, chini.

B.

Na getini kulikuwa na baiskeli nyekundu.

Bibi wa Charambe

Mpelekee mihogo mapema, mwanangu. Na ujitambulishe kwake mwenyewe siku ya kwanza, usimtume dada wa kazi.

Nshomile wa Mjini

Mama Kitinda, muwahishe tu. Saa 1 kasoro robo awe ameshapita geti. Maji chota mwenyewe usiku.