Mjadala: Kitabu cha mhadhiri kizinduliwe kabla hakijawafikia waliosimulia?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Juzi nilialikwa kwenye hafla ya chuo kikuu kimoja. Wahadhiri wa historia, fasihi na isimu walikuwa wanazindua vitabu vitano kwa mpigo. Mgeni rasmi akakata utepe, nakala ya kwanza ikanadiwa, watu wakapiga picha na keki. Nilifurahi kwa dhati, maana najua kitabu kimoja cha historia kinavyokula miaka ya mtu. Ila nilipofika mezani nikakuta vinne kati ya vitano ni vya Kiingereza. Kimoja kilichapwa Ulaya, bei imevuka dola 100, na kinahusu Kilwa. Kwetu.

Marehemu babu yangu aliwahi kuhojiwa na mtafiti. Kijiji chetu kipo upande wa Kipatimu, kwenye vilima vya Umatumbi, ambako vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilianza Julai 1905. Mtafiti alikaa naye barazani siku tatu, akamsainisha fomu ya ridhaa, akaahidi kurudi na kitabu. Babu aliitunza fomu ile ndani ya Msahafu, imekunjwa mara nne, hadi mikunjo ikaanza kukatika. Kila akija mgeni na begi, anauliza, "Ndiye yule wa kitabu?" Amefariki hajakiona. Baadaye nikaja kujua kilishatoka zamani na uzinduzi ulifanyika.

Hoja yangu: sherehe ziwepo, lakini chuo kisizindue kitabu kilichotokana na masimulizi ya watu wetu mpaka kiwe na toleo la Kiswahili, hata la kurasa 40, na nakala ziwe zimeshafika kwa wenyewe. Mnasemaje?

Mhadhiri wa fasihi

Pole sana kwa babu, ndugu yangu. Hilo halina utetezi, ahadi kwa mzee ni deni.

Lakini sharti lako nalipinga. Kitabu changu cha mwisho nilikiandika usiku, baada ya kusahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi. Siku ya uzinduzi mama yangu alikaa mstari wa mbele, na ndiyo mara ya kwanza alielewa kazi ninayofanya. Vijana wanaambiwa kila siku kwamba fasihi na historia hazina ajira, hazina faida. Wakiona chuo kinasimama kwa heshima kwa ajili ya kitabu cha ushairi, wanapata ujumbe tofauti. Ukizuia sherehe, anayeumia ni aliyeandika. Kanuni za kupanda vyeo hakuziweka yeye, na huko mchapishaji mwenye jina nje ya nchi ana uzito wake.

Na Kiingereza tusikifanye adui. Walter Rodney alikuwa mhadhiri wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972 alipotoa kitabu chake kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kingetoka kwa Kiswahili peke yake, msomaji wa Accra au Kingston angekipata vipi?

Mwanzisha mada

Daktari, mfano huo unanibeba mimi. Kitabu cha Rodney kilitolewa na Bogle-L'Ouverture ya London pamoja na Tanzania Publishing House, hapa hapa Dar. Dunia ilikipata, na sisi tulikipata. Sijasema msiandike Kiingereza. Nasema aliyewapa habari asiwe wa mwisho kuzipata.

Mwalimu wa historia, Songea

Naomba niingie, maana hili nalifundisha. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo hicho hicho cha Dar es Salaam walitumwa makwao kuwahoji wazee waliokumbuka Majimaji. Wazee wakasimulia kwa Kiswahili na lugha za kwao, na mwaka uliofuata taarifa zao zikakusanywa pamoja, nyingi zikiwa kwa Kiingereza. Mwaka huo huo wa 1969 Ebrahim Hussein akatoa tamthiliya ya *Kinjeketile*, kwa Kiswahili, kuhusu mganga aliyehamasisha vita hivyo hivyo.

Darasani kwangu ukimtaja Kinjeketile mikono inanyooshwa. Ukiuliza kuhusu zile taarifa, kimya. Na zile ndizo zenye maneno ya babu zao. Kila 27 Februari tunawapeleka makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka walionyongwa hapa mwaka 1906. Wanafunzi wanatoka pale na maswali mazito, mimi sina cha kuwapa wakasome. Mhadhiri akija siku hiyo na kijitabu cha Kiswahili, uzinduzi gani utaupita huo?

Mchangiaji

Istilahi za kitaaluma kwa Kiswahili bado ngumu. Utafiti wa kina utapoteza maana.

Mwalimu wa historia, Songea

Ndugu, TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wanaandika tasnifu nzima kwa Kiswahili, na majarida ya *Kiswahili* na *Mulika* yapo. Na hizo habari zilisimuliwa kwa Kiswahili kabla hazijawa utafiti.

Mhariri wa vitabu

Mnabishana kuhusu lugha, ila kazini kwangu naona kinachokwamisha ni mkataba. Mwandishi kwa furaha ya kukubaliwa anasaini kurasa zote bila kusoma, na humo ndani amempa mchapishaji wa nje haki zote, pamoja na haki ya tafsiri kwa lugha zote. Akija kwangu miaka miwili baadaye anataka toleo la Kiswahili, lazima tuombe ruhusa, pengine tuilipie, kwa kitabu alichokiandika mwenyewe. Ombeni kubaki na haki ya Kiswahili kabla ya kusaini. Aghalabu wanakubali, kwa sababu soko hilo hawana mpango nalo. Vyuo viwe na mwanasheria wa kumsomea mhadhiri mkataba. Gharama yake haifikii ya hafla moja.

Mwanzisha mada

Mhariri, hili sikulijua. Basi naondoa neno "kisizindue". Naweka hili: chuo kisimamie mkataba mwanzoni, halafu uzinduzi ufanyike mara mbili, chuoni na kule habari zilikotoka.

Mhadhiri wa fasihi

Hapo tuko pamoja. Nimeinuka sasa hivi nikafungua mkataba wangu. Kipengele cha tafsiri: lugha zote, ni zao. Nilisaini siku ile ile ulipofika. Kesho nawaandikia kuomba Kiswahili.

Mwanzisha mada

Wakikujibu tuambie hapa hapa, Daktari. Shule ya msingi ya kijijini kwetu ina kabati la vitabu, ufunguo anao mwalimu mkuu. Nakala nitazibeba mwenyewe. Na fomu ya babu bado ninayo.