MREJESHO: Kutoa memori kwenye Linux bila kuzima mashine

Wakuu, habari zenu. Niliuliza namna ya kutoa GB 4 nilizoongeza kwenye mashine pepe ya QEMU (programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta) huku ikiendelea kufanya kazi. Kila nikiandika offline kwenye faili la state ndani ya /sys/devices/system/memory, bloku nyingi (vipande ambavyo Linux hugawia memori) zilikataa, zikidai zinatumika.

Aliyeniambia nisome valid_zones, faili linaloonyesha bloku iko eneo gani la memori, alilenga penyewe. Bloku zangu zilikuwa Normal, eneo la matumizi yote, na keneli (kiini cha mfumo wa Linux) ilishaweka humo data zake yenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kiini cha tatizo: kurasa (vipande vidogo vya memori) za programu za kawaida huhamishika, maana keneli hunakili data kwingine na kurekebisha jedwali la kurasa linaloonyesha data iko wapi, programu isijue lolote. Data za keneli hazina ujanja huo. Anwani zake zimefungwa moja kwa moja na mahali zilipo kwenye RAM, na viashiria vyake (anwani zinazoelekeza kwenye data hizo) vimetapakaa kila pembe. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unatosha kuzuia bloku nzima ya MB 128.

Niliwasha upya mara moja, nikiwa nimeweka kigezo cha keneli memhp_default_state=online_movable, ili memori mpya iingie eneo la Movable, ambako keneli haiweki data zake zisizohamishika. Nikaongeza tena zile GB 4, nikazijaza kazi, kisha nikatoa amri ya device_del, ile ya QEMU ya kuchomoa kifaa. Bloku zote 32 zilitoka, na hifadhidata iliyokuwa ikiendeshwa humo haikukatika hata sekunde. Nilifurahi mno!

Wenye mashine ambazo memori yake imekwisha kuingia Normal, msipoteze usiku mzima kujaribu kama mimi. Asanteni sana, mmeniokoa.