Bawa la nyuma la 996 linavuja mafuta na kupanda upande. Naombeni ushauri wa haraka

Mshale_911
Wakuu, habari zenu. Nina Porsche 911, toleo la 996, ya mwaka 2002. Bawa la nyuma, lile la haidroliki linalonyanyuka lenyewe ukifika 120 na kushuka ukirudi 60, linavuja. Mafuta yanachuruzika upande wa kushoto. Tangu juzi linapanda limeinama: kulia linafika juu, kushoto linapungua kama vidole viwili. Taa ya onyo kwenye dashibodi haizimi. Halafu rangi iliyo karibu na jeki ya kushoto (silinda ya mafuta inayonyanyua bawa) imeanza kutoa malengelenge, nadhani ni joto la injini.

Swali langu ni moja tu: kuna gundi au dawa ya kuziba inayohimili presha ya haidroliki? Sitaki kufungua jeki. Gari nalihitaji Jumamosi na usingizi umeshanitoka.

Kasi_Pole
Jumamosi tembea 119. Bawa halitajua kitu.

MamaTurbo
Gundi sahau. Kwenye jeki, sehemu inayovuja mara nyingi ni sili ya kichwani, pale fimbo inapotoka na kuingia. Gundi hushika vitu vilivyotulia, fimbo inateleza. Bawa likipanda mara ya kwanza, gundi inakatika, na vipande vikiingia ndani vinaenda kukaa kwenye valvu za pampu. Hapo utakuwa na magonjwa mawili.

Kabla ya kununua chochote, jua kwanza panapovuja. Futa jeki zote mbili, paipu na pampu hadi zikauke kabisa. Paka unga wa talki kila kiungo, tandika karatasi nyeupe chini, kisha pandisha na kushusha bawa kwa swichi mara tatu. Unga utalowa pale mafuta yanapoanzia. Usiamini tone la chini kabisa, maana mafuta hufuata paipu na kudondokea mahali pengine kabisa. Fimbo ikiwa na pete ya mafuta, tatizo ni sili ya fimbo. Unga ukilowa shingoni mwa paipu, ni kiungo.

Nati_Kumi
Mimi ningeng'oa mfumo wote wa mafuta na kuweka jeki za umeme. Zipo zinazotengenezwa kwa ajili ya bawa hilo hilo. Hakuna mafuta, hakuna kuvuja. Ila angalia jambo moja: kompyuta ya gari inasubiri ishara kwamba bawa limefika juu au limeshuka. Seti isiyotoa ishara hiyo itakuachia taa ya onyo maisha yote, hata bawa likifanya kazi vizuri.

Mshale_911
Asanteni, ila sikuuliza habari za umeme. Carrera yangu nataka ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Kama gundi haipo basi nitafungua jeki, sili ninazo tayari. Niambieni tu zinaingia upande gani.

Fundi_Kimya
Subiri kidogo. Asubuhi hukutaka kufungua jeki, sasa hivi una sili mkononi. Sawa. Kilichonishtua mimi ni yale malengelenge. Mafuta ya bawa yakidondokea rangi yanaacha uchafu na kuvuta vumbi, hayaivimbishi. Joto nalo lingeathiri eneo pana, lisingechagua pembeni mwa jeki moja. Kuna kitu uliongeza kwenye tangi la pampu?

Mshale_911
Niliongeza kidogo tu kwa sababu kiwango kilikuwa kimeshuka. Hilo si tatizo, tatizo ni sili.

Fundi_Kimya
Uliongeza nini? Andika maneno yaliyo kwenye chupa, herufi kwa herufi.

Mshale_911
DOT 4, mafuta ya breki. Chupa mpya, haijawahi kufunguliwa. Na kabla hamjanirukia: breki nazo ni haidroliki, tena presha yake ni kubwa kuliko ya bawa. Mafuta yanayosimamisha gari zima yatashindwaje kunyanyua kipande cha plastiki? Ushahidi mwingine, baada ya kuongeza, uvujaji ulipungua kwa siku nne nzima. Kwa hiyo yalisaidia.

MamaTurbo
Hizo siku nne ndizo zinazokuhukumu. Sili za mfumo unaotumia mafuta ya madini kwa kawaida ni mpira wa nitrile. Mpira huo ukikutana na mafuta ya breki, ambayo msingi wake ni glaikoli, unayanyonya na kuvimba. Ukivimba unaibana fimbo, uvujaji unapungua, mwenye gari anafurahi. Kisha mpira unalegea, fimbo inaanza kuukwangua, na vipande vinaingia kwenye mafuta. Bawa kupanda upande kunaanzia hapo hapo: pampu ni moja na inasukuma jeki zote mbili, na mafuta hupita kwenye njia nyepesi. Jeki ambayo sili yake imevimba inakuwa nzito, au inapoteza mafuta, ikabaki nyuma ya mwenzake.

Presha haina kesi hapa. Kesi ni ndoa ya mpira na mafuta.

Mshale_911
Basi nabadilisha sili na yanaisha. Nimesema ninazo. Ni za silinda ya breki ya pikipiki, nimepima kwa kalipa: kipenyo cha ndani sawa, cha nje sawa, unene sawa. Mpya kabisa.

Fundi_Kimya
Mkuu, sili za breki ni EPDM, aina nyingine ya mpira. Hiyo inapenda mafuta ya breki na inachukia mafuta ya madini, kinyume kabisa cha nitrile. Ukizifunga kisha ukaweka mafuta sahihi ya bawa, zitavimba kama maandazi. Vipimo sawa, mpira tofauti. Usizifunge.

Mshale_911
Basi nikizifunga hizo nijaze DOT 4 mfumo mzima? Si vitapatana?

Fundi_Kimya
Sili za fimbo zitapatana. Na oringi (pete za mpira) za viungo? Na sili zilizo ndani ya pampu? Na zile za pistoni kwenye jeki zote mbili? Utazibadilisha zote ziwe EPDM? Halafu tone la kwanza likichomoka linakula rangi ya boneti. DOT 4 pia huvuta unyevu wa hewa, ndiyo maana kwenye breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Bawa halina sababu ya kubeba shida hiyo.

Nyundo_ya_Dhahabu
Gari la spoti halitaki haraka. Mtu ananunua gari la kasi, halafu anashindwa kusoma ukurasa mmoja wa kitabu chake kabla ya kumimina. Vijana wa sasa chochote kinachomiminika kwao ni mafuta.

Mzee_wa_DS
Hili kosa lina historia ndefu, msimcheke. Citroën DS ilipoanza, mfumo wake wa kunyanyua gari, breki na usukani ulitumia maji ya aina ya LHV, baadaye LHS, yote yanayovuta unyevu. Kutu ikawa inatokea ndani. Mwaka 1966 wakahamia LHM, mafuta ya madini ya rangi ya kijani, na vifaa vya mfumo mpya vikapakwa kijani ili fundi asichanganye. Hata hivyo watu waliendelea kuchanganya, na aliyechanganya alibadilisha mipira mfumo mzima. Ndiyo maana nasema rangi ya mafuta pekee isikudanganye. LHM ni kijani, Pentosin CHF 11S, mafuta mengine ya haidroliki, nayo ni kijani, na si kitu kimoja.

Nati_Kumi
Kwa kuwa tumefika kwenye jeki: zile Mercedes zenye paa linalokunjwa kwa haidroliki zina ugonjwa unaofanana na huu bila hata mtu kukosea mafuta. Sili za jeki zao ni poliyurithani, na kwa miaka inaoza yenyewe, inakuwa kama jibini. Siku moja mafuta yanadondoka juu ya kichwa cha dereva. Na hapo ukibadilisha jeki moja, nyingine zinafuata, maana zote zina umri mmoja. Kwa bawa pia: fungua zote mbili.

Kagua_Kwanza
Samahani, ninyi mmemwaga elimu yote hiyo na hakuna aliyesoma vizuri. Jamaa kaandika "Carrera yangu". Carrera ya 996 haina haidroliki kwenye bawa. Ni mota ya umeme. Hata Carrera 4S ya mwaka huo huo wa 2002, yenye mwili mpana wa Turbo na breki za Turbo, ina bawa lake la umeme. Bawa la mafuta kwenye 996 ni la Turbo. Zile namba za 120 na 60 haziwezi kumtetea, za Carrera ni hizo hizo. Huwezi kumimina DOT 4 kwenye tangi ambalo halipo. Huyu katunga hadithi, anatupima akili.

Kasi_Pole
Nilijua. Bawa linavuja hadithi.

Nyundo_ya_Dhahabu
Na mimi nimepoteza mahubiri yangu bure.

Mshale_911
Jamani! Gari ni Turbo. Nimezoea kuziita Carrera zote. Nina mafuta kwenye vidole wakati naandika, nitunge ili nipate nini?

Kagua_Kwanza
Neno "Turbo" limekuja baada ya mimi kulitaja. Picha je?

Mshale_911
Picha si nitaambiwa nimeiba mtandaoni?

Fundi_Kimya
Picha hatuhitaji. Fanya mambo mawili. Kwanza, tuambie kila jeki ina paipu ngapi. Pili, chukua glasi ya maji safi, dondosha matone kumi ya kile kinachovuja, koroga, acha dakika kumi, kisha eleza unachoona. Usitueleze unachotegemea kuona.

Mshale_911
Paipu mbili kila jeki, jumla nne. Glasi: juu pameelea utando wa mafuta, macho kama ya mchuzi. Lakini si mengi. Sehemu kubwa sikuiona ilikokwenda, na maji yamegeuka manjano kidogo sana. Kuna pia chembe nyeusi ndogo ndogo chini ya glasi.

MamaTurbo
Inalingana. Mafuta ya madini huelea, ya breki huyeyuka kwenye maji. Anavyo vyote viwili, na ya breki ndiyo mengi, kwa hiyo ile "kidogo tu" tuipime upya. Chembe nyeusi ni sili yake. Mtu anayetunga angesema yote yameelea au yote yameyeyuka, chembe asingezikumbuka.

Kagua_Kwanza
Chembe nazikubali. Carrera siikubali hadi kesho.

Mshale_911
Niliweka kama nusu ya chupa. Kwa awamu mbili. Sasa nifanyeje?

Fundi_Kimya
Sasa tunaweza kufanya kazi. Jumamosi haipo, sahau. Na usitembeze gari likiendelea kuchuruzika. Kwenye Turbo tone likifika kwenye bomba la moshi au turbo yenyewe linaweza kushika moto. Zile DOT 4 zilizomwagika kwenye rangi osha leo kwa maji mengi na sabuni, usisubiri. Palipovimba pameshaharibika, ni pa mpiga rangi.

Shusha bawa, injini ipoe, toa waya wa hasi wa betri. Usiache kidole chini ya bawa kwa kutegemea mafuta yalishikilie. Weka kipande cha mbao. Weka alama paipu zote kabla ya kuzifungua, ya juu na ya chini, kushoto na kulia. Ukizigeuza, jeki moja inapanda wakati nyingine inashuka, na kitakachovunjika ni bawa. Toa jeki zote mbili na pampu. Mafuta yote yamwage, hakuna cha kuchuja.

Kusuuza: mafuta ya madini peke yake hayaondoi glaikoli, yanapita juu yake. Tumia spiriti ya isopropili kwenye paipu na jeki zilizofunguliwa, puliza upepo mkavu wa kompresa, rudia mpaka itoke safi, acha vikauke kabisa. Petroli usiguse. Pampu usiiwashe ikiwa na spiriti ndani, itazunguka bila kilainishi. Ifungue nayo, badilisha oringi zake, na kagua valvu kama hazikushika zile chembe.

Fimbo ndiyo itakayoamua. Pitisha ukucha taratibu kwa urefu wake wote. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, sili mpya haitadumu, tafuta fimbo au jeki nyingine. Sili zote ziwe mpya na za nitrile, au za aina iliyoandikwa kwamba inafaa kwa mafuta utakayotumia, za jeki zote mbili. Mdomo wa sili unatazama upande wa presha, ndani ya jeki. Funga nyuzi za fimbo kwa utepe ili zisikate mdomo huo, paka mafuta yale yale ya mfumo, sukuma kwa kijiti cha plastiki. Bisibisi iache kwenye sanduku.

Mafuta: aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Lita 1 chukua, nyingi itaishia kwenye kusuuza. Jaza bawa likiwa chini. Watu wengi hujaza likiwa juu kwa sababu ni rahisi kuliona tangi, na ndipo wanapokosea: jeki ikitoka inabeba mafuta mengi zaidi, ikirudi inayarudisha tangini, na tangi lililojazwa bawa likiwa juu litafurika likishushwa. Kisha pandisha na kushusha hadi mwisho mara nane hadi kumi ukipumzisha pampu katikati, ongeza kila kiwango kinaposhuka. Mafuta yakitoka na povu, acha saa moja hewa ipande.

Mshale_911
Nimeelewa. Nikishafunga nikakuta bado linapanda upande kidogo?

Fundi_Kimya
Kama tofauti inapungua kila ukilipandisha, ni hewa, endelea. Kama inabaki ile ile, achanisha jeki na bawa, lisogeze bawa kwa mkono. Likiwa zito upande mmoja, tatizo ni egemeo la bawa lenyewe, si mafuta.

Mshale_911
Na sili za pikipiki?

Kasi_Pole
Tafuta pikipiki.